Kibuyu cha Mjinga

Kwa miaka hamsini na mmoja sikuwahi kujimiminia chai. Mimi nilimiminiwa. Aliyemimina ni Waldemar, mume wangu, fundi saa, mtu wa masikio makubwa na maneno machache. Huku kwetu Uruguay kila nyumba ina mmiminaji wake wa chai ya kibuyu. Yeye ndiye anayepasha maji, anayejaza majani machungu kwenye kibuyu, anayechomeka mrija wa chuma. Anamimina, anakupa, unanyonya mpaka mrija ukorome, unarudisha, anammiminia anayefuata. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, watu wote. Asiye mmiminaji haligusi birika. Ukiligusa ni sawa na kumvua mtu kofia mbele za wageni.

Na kibuyu cha kwanza hakipewi mtu. Kina vumbi la majani, kinakwaruza koo, maji yake ni vuguvugu. Tunakiita kibuyu cha mjinga, na mmiminaji hukinywa mwenyewe ili wenzake waanzie cha pili. Kila siku ya mungu Waldemar alikunja uso, akakimaliza, akasema, "Mjinga wa nyumba hii ameshakunywa. Haya, Zulma." Utani ule ule, miaka hamsini na mmoja. Mimi niliuchoka mwaka wa pili.

Akafa mwezi wa Agosti, kwenye baridi, ameinama juu ya saa ya mtu.

Tulimzika bila sala. Msinihurumie, ndivyo tulivyo. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na neno mungu aliliandika kwa herufi ndogo makusudi, akikaza kalamu. Ndiyo maana na mimi nimeandika hivyo hapo juu, si kwamba sikusoma. Darasa la sita nilimaliza. Nyumbani kwetu hatukubatizwa, hatukufunga, hatukupiga goti isipokuwa kutafuta kitu kilichoangukia chini ya kitanda. Waldemar naye vivyo hivyo. Hata kalenda ya serikali yetu ni ya namna hiyo: tarehe ishirini na tano Desemba imeandikwa Siku ya Familia, na ile wiki ambayo wenzetu wanakumbuka msalaba, kwetu imeandikwa Wiki ya Utalii. Basi pale makaburini tulisimama tu. Mmoja akasema marehemu alikuwa mtu mwema. Binti yangu Mirtha akakohoa. Tukarudi nyumbani. Dakika kumi na moja. Nilitazama saa, maana ilitengenezwa na yeye.

Jirani yangu Clotilde alipofiwa na wa kwake alikuwa na siku tisa za sala, mishumaa, na wanawake kumi sebuleni wakiwataja watakatifu na kula keki. Wakati ule nilimcheka. Sasa nikamwonea wivu zile siku tisa kuliko nilivyowahi kumwonea wivu meno yake. Yeye mikono yake ilipata cha kufanya. Yangu ilikaa mapajani kama samaki wawili wa dukani.

Nikafunga mlango wa jikoni. Chai nikaacha. Nani angenimiminia?

Desemba, kwenye hiyo Siku ya Familia, familia ikaja. Familia ni Mirtha, mwanangu wa pekee, mwalimu wa hesabu huko Montevideo, anakaa ghorofa ya saba. Alinikuta kitandani saa sita mchana, nimevaa koti la baba yake kwenye joto lile, kifua kizima makombo ya biskuti kavu.

"Mama, umeoga lini?"

"Mwaka huu," nikasema.

Hakucheka. Mirtha akiwa na hofu huwa anapanga vitu. Alikunja blanketi mara nne, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sikiliza, mama. Nakupa mpaka Wiki ya Utalii. Nikija nikakuta mambo ni haya haya, unaondoka na mimi. Chumba kipo. Lifti ipo."

"Na mlimau wangu?"

"Malimau yanauzwa sokoni, mama."

Hapo nikajua hatanii. Mimi nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, karibu na Mto Yí, na katika nyumba hii nimezeeka kwa hiari yangu mwenyewe. Ghorofa ya saba ningekufa kwa usafi. Lakini kila nikitaka kuinuka, nilikuwa sioni niinukie nini.

Clotilde akaleta dawa yake. Alipita na sahani ya mikate ya kukaanga, ile tunayopika mvua ikinyesha, akakaa pembeni ya kitanda changu.

"Twende kanisani, Zulma. Una nini cha kupoteza?"

"Jina langu baya. Nimelijenga kwa miaka mingi."

"Utakaa nyuma. Hakuna atakayekuona."

Nikaenda, Januari. Waliokosa kuniona ni vipofu tu. Niliposimama wenzangu walikaa, nilipokaa wenzangu walipiga magoti. Nyimbo nilizipenda. Ubani niliupenda. Ikafika pale wote wanaposema kwa pamoja wanachokiamini, mdomo ukanigomea. Sasa mimi ni mwongo wa siku nyingi, Clotilde ni shahidi. Nimemdanganya umri wangu na nimemdanganya siri ya keki yangu ya machungwa, mpaka leo anatia mayai mawili zaidi. Lakini pembeni pale kulikuwa na mshumaa mmoja unawaka peke yake, bila makelele, na mbele ya mshumaa ule nikaona aibu kudanganya. Nikafumba mdomo.

Nilitoka na mshumaa ule. Simaanishi niliuiba, jamani, ingawa mkoba wangu ulikuwa mkubwa wa kutosha. Nilitoka nao kichwani. Ulikuwa unafanya kazi yake kila siku, saa ile ile, wawepo wanaoamini wasiwepo. Nikajiuliza: kwani na mimi nisiyeamini siwezi kuwa na kitu cha kufanya kila siku saa ile ile?

Kesho yake alfajiri nikafungua mlango wa jikoni. Nikaweka birika motoni, nikaliacha mpaka mfuniko ukacheza ngoma. Mtoto wa miaka sita huku kwetu anajua kuwa maji ya chai ya kibuyu hayachemshwi, yanaunguza majani. Mwanamke wa miaka sabini na sita hakujua, kwa sababu alikuwa na Waldemar. Nikachomeka mrija vibaya, ukaziba. Nikauchomeka tena. Mwishowe kibuyu cha kwanza kikawa mkononi mwangu, na ndipo nikakwama kweli.

Nikinywe? Basi mjinga wa nyumba ni mimi, na cheo kile kilikuwa na mwenyewe. Nikimwage kwenye sinki? Ni kama kummwaga yeye. Nilisimama na kibuyu mpaka kikapoa. Halafu nikatoka nacho uani, kwenye mlimau alioupanda mwaka aliozaliwa Mirtha, nikamimina shinani.

"Haya, mjinga," nikasema. "Kunywa."

Nikakaa kwenye kiti chake cha kamba, nikajimiminia cha pili. Kilikuwa kichungu kama dawa ya minyoo. Nikakinywa chote. Sikulia, sikuomba, sikuona nuru. Nilisikia kuku wa Clotilde, nikaona jani moja la mlimau limetobolewa na mdudu, tundu limekaa kama herufi. Basi. Ila nilipoinuka nilikuwa nimeinuka.

Kesho yake nikafanya tena, na keshokutwa. Birika likaanza kunizoea. Nikajua kuliondoa motoni pale tu linapoanza kunong'ona, na kuyahamishia maji kwenye chupa ya chai yasipoe. Nikajiwekea na sheria. Hakuna kuongea mpaka chupa ya chai iishe. Hakuna redio. Nichague kitu kimoja cha kutazama na nisikiache; siku nyingine lile jani, siku nyingine msafara wa sisimizi, siku nyingine chupi za Clotilde kwenye kamba, ambazo zina mengi ya kumfundisha mtu juu ya ukubwa wa dunia. Na kabla ya kibuyu cha mwisho, niseme kwa sauti jambo moja baya nililolifanya jana. Mara nyingi lilimhusu Clotilde. Kulikuwa na sheria ya kuwasamehe maadui pia, lakini niliifuta Jumanne.

Mtaniuliza nilikuwa namwomba nani. Simwombi mtu. Kama yupo anayesikia, atakuwa amecheka mara mbili tatu. Kama hayupo, sijampotezea muda. Ninachojua ni kwamba ilipofika Machi nilikuwa naamka kabla ya jogoo, naoga, nachana nywele, kwa sababu mtu haendi mahali kama pale na kichwa kama kiota. Mahali gani? Uani kwangu. Hatua kumi na nne kutoka kitandani. Na mchana wake nilipika maharage, nikafagia, nikagombana na muuza nyama. Nilikuwa nimepona, tatizo ni kwamba hakuna aliyeniona nikipona isipokuwa Clotilde, na yeye aliona kitu kingine.

Asubuhi moja kichwa chake kikachomoza juu ya ukuta, na vibano vya nywele.

"Zulma! Unaongea na nani?"

Sikumjibu. Chupa ilikuwa haijaisha. Alisubiri, Clotilde ana subira ya watu wanaokwenda kanisani. Nilipomaliza nikasema, "Na mlimau."

"Unaumwagia nini?"

"Chai."

"Ya moto? Unaupika huo mti, mwanamke!"

"Vuguvugu. Nimekuwa hodari siku hizi."

Akafikiri. "Nikuletee picha ya mtakatifu uitundike hapo. Mti ukiwa na mtakatifu itakuwa sala, watu wataelewa."

"Mti ukiwa na mtakatifu itabidi nivae sidiria."

"Kwani hiyo ni dini gani, Zulma?"

"Ya uani."

"Ina waumini wangapi?"

"Mmoja, na nusu yake husinzia."

Akaguna. Kwa muda nikaona kama anataka kuuliza kama nafasi ipo, lakini akashuka. Jioni ile akampigia Mirtha simu. Alimwambia kwamba mimi siku hizi naamka alfajiri, nampa marehemu chai, namtukana, kisha nakaa saa nzima nikitazama kamba ya nguo. Yote ni kweli. Ndiyo ubaya wa Clotilde, hajui kusema uongo.

Mirtha akaja Jumatatu ya Wiki ya Utalii. Nilimwona anavuka barabara na sanduku kubwa, analining'iniza kwa vidole viwili. Lilikuwa tupu. Nikalielewa lile sanduku kabla sijamwelewa yeye.

Alinikuta nimeoga, nyumba inang'aa, maharage yanatokota. Hayo yote hakuyaona. Alitoa karatasi ya maswali aliyopewa na daktari fulani, akavaa miwani.

"Mama, leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Na wiki hii ni wiki gani?"

"Inategemea unamuuliza nani. Serikali inasema ya Utalii, Clotilde anasema Takatifu, wenye mashamba wanasema ya kupanda farasi wakali. Andika unayoipenda."

"Mia toa saba. Endelea kutoa."

"Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili. Malizia wewe, mwalimu, maharage yanaungua."

Akavua miwani. "Mama, Doña Clotilde anasema unaongea na baba kwenye mti."

"Siongei naye. Namtukana mara moja tu, halafu nanyamaza."

"Hiyo si sawa, mama."

"Clotilde anaongea na sanamu la kanisani, mwanamume wa plasta mwenye mishale kifuani, na hakuna aliyemletea karatasi."

"Doña Clotilde ana dini!"

"Kumbe kosa langu ni kukosa kibali."

Alianza kukunja taulo za jikoni, akakunja, akakunja, mpaka zikawa ndogo kama daftari. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Siwezi kukaa kule juu nikiwaza kwamba mama yangu yuko peke yake anaongea na mti. Silali. Basi la Montevideo ni kesho saa tatu asubuhi. Tafadhali, mama."

Angenifokea ningemjibu. Lakini alisema tafadhali. Nilimtazama mwanangu, miaka arobaini na tisa, macho mekundu ya kukosa usingizi, na tangu Agosti hakuna aliyemwona akitoa chozi.

"Sawa," nikasema. "Lakini kesho alfajiri utamimina wewe. Mikono yangu imechoka."

Mikono yangu haikuwa imechoka. Nilimtegea, nakubali. Ila naapa kwa huo mlimau, sikujua mtego utashika nini.

Alfajiri ikatukuta uani, mimi kwenye kiti cha kamba, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwambia sheria ni moja tu, kimya mpaka chupa iishe. Zile nyingine atazijua mbele ya safari. Akachukua kibuyu. Akakijaza majani, akakifunika kwa kiganja, akakipindua na kukitikisa vumbi litoke, akakilaza upande, akachomeka mrija mara moja, ukakaa. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Wala hakuna aliyewahi kumwachia birika katika nyumba ile. Alikuwa ameketi mezani miaka yote ya utoto wake akiitazama ile mikono, na sasa ile mikono ilikuwa mbele yangu, ikiwa na rangi ya kucha.

Akamimina cha kwanza. Nilifungua mdomo nimwambie kinakwenda mtini. Nikakumbuka sheria, nikaufunga. Na Mirtha, bila kufikiri, kama mmiminaji yeyote wa nchi hii, akakinywa mwenyewe. Akakunja uso. Uso ule ule. Akasema:

"Mjinga wa nyumba hii ameshakunywa. Haya, Z..."

Jina likamkwama. Aliangalia kibuyu kama kimemuuma. Halafu kile kikohozi cha Agosti kikatoka, miezi minane kimekaa kifuani, na hakikuwa kikohozi. Alilia kwa mabega, kwa pua, kwa magoti. Ndoo ikayumba.

Mimi nifanye nini? Kumkumbatia kungemzidishia. Nikavunja sheria yangu mwenyewe.

"Mwizi wewe!" nikamwambia. "Hicho kilikuwa cha baba yako!"

Akainua uso umelowa wote. "Nini?"

"Cha kwanza ni chake. Kila siku nampa yeye, hapo shinani. Sasa umemnywea."

"Mungu wangu," akasema, na kwa sauti ile sijui aliliandika kwa herufi gani. Akaanza kucheka huku analia, kamasi zinamtoka. "Sasa atakunywa nini?"

"Mpe cha pili."

"Cha pili ni kizuri, mama."

"Basi apate kizuri, mara moja katika maisha yake."

Akainuka miguu mitupu. Akamimina kibuyu cha pili shinani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Aliweka mkono kwenye gamba la mti, akakaa hivyo muda mrefu, na mimi nikapata kitu cha kutazama siku ile, wala sikukiacha.

Kisha akarudi kwenye ndoo yake, akanimiminia. Ilikuwa chai. Jamani, ilikuwa chai! Tangu Januari nilikuwa nimekunywa adhabu. Tukaendelea, yeye, mimi, yeye, mimi, hatusemi. Jua likapanda juu ya ukuta. Tukalisikia basi la saa tatu linapiga honi kituoni, mara mbili, kama linamwita mtu. Mirtha akaangalia upande ule, akajaza kibuyu.

Kichwa cha Clotilde kikachomoza.

"Hamjaondoka?"

"Shhh, Doña Clotilde," Mirtha akasema. "Chupa haijaisha."

Yalipobaki maji ya kibuyu kimoja, nikamwambia mwanangu ile sheria ya jambo baya. Akafikiri sana.

"Nilikohoa," akasema. "Kwenye maziko. Nilitaka kulia nikaona watu, nikakohoa."

"Na mimi nilifuta sheria ya kuwasamehe maadui," nikasema.

Tukadhani tumemaliza. Juu ya ukuta sauti ikasema, ndogo kuliko kawaida yake, "Mimi nilipiga simu. Nilidhani atakuja kukusalimia, Zulma. Sikujua atakuja na sanduku. Ukiondoka mimi nitabaki namchungulia nani?"

Nikairudisha ile sheria papo hapo. Kwa majaribio.

Mirtha alikaa mpaka Jumapili. Ile karatasi ya daktari aliitumia kufungia mbegu za nyanya. Sanduku lilirudi Montevideo limejaa malimau, na alilibeba kwa mikono miwili, akiegemea upande kama meli; katikati ya malimau nilimchomekea kibuyu cha baba yake na mrija wake. Mimi nimenunua kipya. Bado kina ladha ya mbao, kitazoea.

Clotilde sasa huja kila Jumanne na kiti chake. Anazungusha rozari yake kimya, mimi natazama jani, na hatugombani mpaka chupa iishe. Picha ya mtakatifu anayo mkobani, ameniahidi haitatoka. Siku moja nilimwona anamwonyesha mlimau kwa kificho, nikajifanya nasinzia.

Wiki iliyopita Mirtha akapiga simu, saa moja asubuhi, sauti yake ina usingizi wa mtu aliyelala vizuri.

"Mama, nina tatizo. Huku sina mti. Nina chungu kimoja cha maua barazani, nakimwagia hicho."

"Yanakufa?"

"Yanastawi. Tatizo ni jirani wa ghorofa ya sita. Anasema kila asubuhi anadondokewa na maji ya kijani kichwani. Amepanda kuja kuniuliza mimi ni wa dini gani."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia kesho aje na kiti chake."

Nikamwambia ni vizuri, lakini awe macho. Wawili si mbaya. Wakifika watatu, wataanza kuchagua mwenyekiti.